Dakika za Kwanza: Mashine ya Kushtua Moyo Katika Shule za Taru

Somo hili ni la walimu, wazazi, wanachama wa bodi za shule, wahudumu wa afya ya jamii na wakazi wote wa Taru na maeneo jirani. Laweza kusomwa nyumbani, au kwa sauti katika baraza na mikutano ya wazazi. Baada ya somo, msomaji ataweza:

• kumtambua mtu ambaye moyo wake umesimama ghafla;
• kueleza mambo ya kufanya kabla ambulensi haijafika;
• kueleza jinsi mashine ya kushtua moyo inavyotumiwa na kutunzwa;
• kushiriki katika kuamua iwapo shule yake inahitaji mashine hiyo, na kwa utaratibu gani.

Moyo kusimama ghafla ni nini?

Moyo ni pampu ya nyama inayoendeshwa na umeme mdogo unaotoka ndani ya moyo wenyewe. Umeme huo ukienda kwa mpangilio, moyo hupiga na damu husambaa mwilini. Ukivurugika, moyo waweza kuacha kupiga na kubaki ukitetemeka tu. Damu haisukumwi tena. Ubongo hukosa oksijeni, na mtu huanguka na kupoteza fahamu katika sekunde chache.

Wengi huchanganya hali hii na mshtuko wa moyo. Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaoulisha moyo damu unapoziba. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, akilalamika kifua kinambana. Moyo ukisimama, mgonjwa hajibu na hapumui kawaida, na asiposaidiwa hapo hapo atakufa. Mshtuko wa moyo waweza kuufanya moyo usimame, lakini moyo husimama pia kwa sababu nyingine nyingi.

Mashine ya kushtua moyo ni kifaa kidogo cha kubeba mkononi. Kwenye kasha lake huandikwa herufi AED, na karibu yake huwa na picha ya moyo wenye alama ya radi. Kazi yake ni kupitisha umeme kifuani ili kuutuliza mtetemeko ule, moyo upate nafasi ya kurudi kwenye mpangilio wake.

Kwa nini Taru ihesabu dakika

Moyo ukisimama na asiwepo wa kusaidia, uwezekano wa mtu kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita. Baada ya dakika 10, matumaini huwa madogo sana.

Sasa tuweke hesabu hiyo kwenye ramani. Taru iko kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, kati ya Samburu na Mackinnon Road. Wakazi wengi wanaishi mbali na lami, na baadhi ya njia za ndani hupitika kwa shida mvua ikinyesha. Tuchukue shule iliyo kilomita 15 kutoka mahali ambulensi inapoegeshwa. Hata gari likienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama, litatumia zaidi ya dakika 11. Hapo hatujahesabu muda wa kupiga simu, kueleza mahali, na dereva kuwasha gari. Aghalabu litafika dakika zile za matumaini zimekwisha.

Hii haina maana kwamba ambulensi haina faida. Lazima iitwe, na iitwe mapema. Maana yake ni kwamba dakika za kwanza ziko mikononi mwa watu waliopo pale: mwalimu, mwanafunzi, mpishi wa shule, mzazi aliyekuja kutazama mpira.

Je, hali hii huwapata vijana?

Ndiyo, ingawa huwapata watu wazima zaidi. Baadhi ya vijana huzaliwa na misuli ya moyo iliyo minene kupita kiasi, au na hitilafu katika umeme wa moyo, na huonekana wazima kabisa. Wengine moyo husimama baada ya kupigwa na nguvu za umeme au radi, au kwa pigo la ghafla kifuani, kama la mpira mgumu. Kwa watoto wadogo sababu kubwa ni kukosa hewa: kuzama katika bwawa, au kukabwa na chakula.

Uwanja wa mpira umetoa mifano iliyoonwa na dunia nzima. Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka akicheza dhidi ya Colombia mjini Lyon, Ufaransa, akafariki akiwa na umri wa miaka 28. Desemba 2016, jirani zetu wa Tanzania walimpoteza Ismail Khalfan, kijana wa timu ya vijana ya Mbao FC, aliyeanguka katikati ya mchezo kwenye uwanja wa Kaitaba, Bukoba.

Lakini upo mfano mwingine. Fabrice Muamba, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1988, alikuwa akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham jijini London tarehe 17 Machi 2012 alipoanguka bila kuguswa na mtu. Alianza kukandamizwa kifua pale pale uwanjani. Daktari wa moyo aliyekuwa miongoni mwa watazamaji alishuka kusaidia. Muamba alishtuliwa kwa mashine mara 15, kuanzia uwanjani hadi ndani ya ambulensi, na moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Alipona. Kilichoulinda ubongo wake muda wote huo ni mikono ya watu waliokuwa wakisukuma damu kwa zamu, bila kukoma.

Kisa hicho kinafundisha jambo moja kubwa: mashine na mikono hufanya kazi pamoja, na mikono ndiyo hutangulia.

Hatua za kuchukua

1. Hakikisha mahali ni salama. Kama ni umeme, zima swichi kuu kabla ya kumgusa. Kama ni majini, mtoe kwanza.

2. Mguse begani, muite kwa sauti. Kama hajibu, tazama kifua chake kwa muda usiozidi sekunde 10. Mtu ambaye moyo umesimama aweza kutweta au kukoroma mara moja moja, kama samaki aliyetolewa majini. Huko si kupumua. Aweza pia kujitupatupa kwa muda mfupi, watu wakadhani ni kifafa au pepo. Usipoteze muda kumwagia maji, kumnusisha kitu au kumtia kijiko mdomoni. Kanuni ni hii: hajibu, na hapumui kawaida, basi moyo umesimama.

3. Gawa kazi kwa kutaja mtu. Usiseme "mtu apige simu". Sema: "Wewe wa shati jekundu, piga simu. Wewe, kimbia ukalete mashine. Wewe, nenda barabarani ukaielekeze ambulensi." Nambari za dharura nchini ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Nambari ya kituo cha afya kilicho karibu nawe nayo iwe imeandikwa ukutani mapema.

4. Anza kukandamiza kifua. Mlaze chali mahali pagumu. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake. Nyoosha viwiko, nguvu itoke mabegani. Kandamiza kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Kiache kifua kirudi juu kikamilifu kabla ya kukandamiza tena. Mwenzako ahesabu kwa sauti.

5. Kwa mtoto, kandamiza theluthi moja ya kina cha kifua. Kama ni mdogo sana, mkono mmoja watosha.

6. Aliyefunzwa kupuliza pumzi, apulize mara 2 baada ya kila mikandamizo 30. Ambaye hajafunzwa aendelee kukandamiza tu. Lakini mtoto aliyezama au kukabwa alikosa hewa kwanza, kwa hivyo kwake pumzi zina uzito zaidi, na aliyefunzwa aanze nazo.

7. Badilishaneni kila dakika 2. Kazi hii huchosha haraka, na mikono iliyochoka haifiki kina kinachotakiwa.

8. Usiache mpaka mgonjwa aanze kupumua au kujisogeza, wahudumu wa afya wafike, au nguvu zikuishie kabisa.

Mashine ikifika

Iwashe mara moja. Nyingine hujiwasha zenyewe kasha linapofunguliwa. Kuanzia hapo itakuongoza kwa sauti, hatua kwa hatua. Wakati mmoja anatayarisha mashine, mwingine aendelee kukandamiza.

Funua kifua. Kama kina maji au jasho, kikaushe. Bandua karatasi ya vibandiko viwili na uviweke juu ya ngozi kama picha zinavyoonyesha: kimoja upande wa kulia chini ya mfupa wa mtulinga, cha pili ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 8 tumia vibandiko vya watoto au kitufe cha watoto, kama mashine inacho. Kama hakuna, vya watu wazima vyatumika. Kifua kikiwa kidogo hata vibandiko vikakaribia kugusana, kimoja kiwekwe kifuani na kingine mgongoni.

Mashine itasema kila mtu aachilie mgonjwa, kisha itapima mwenendo wa moyo. Ikiona mtetemeko unaohitaji kushtuliwa, itakuambia ubonyeze kitufe kinachowaka. Tazama pande zote, sema kwa sauti "Msimguse!", halafu bonyeza. Baada ya hapo rudi kukandamiza papo hapo, bila kungoja kuona kama ameamka. Baada ya dakika 2 mashine itapima tena.

Ikisema hakuna haja ya kumshtua, usidhani kwamba amepona au kwamba amekufa. Maana yake ni kwamba umeme hautasaidia kwa wakati huo. Kama bado hapumui, endelea kukandamiza.

Mashine nyingi huongea Kiingereza. Kwa sababu hiyo, shule inayonunua iulize kama lugha yaweza kubadilishwa, na mafunzo yawazoeze watu maagizo hayo mpaka wayaelewe hata katika kelele na hofu.

Hofu zinazowazuia watu

*"Nitamuua nikikosea."* Mashine hupima kwanza. Haitoi umeme kwa moyo unaopiga kawaida, hata kitufe kikibonyezwa. Na mtu ambaye moyo umesimama hana hali mbaya zaidi ya hiyo ya kufikia. Mbavu zaweza kuvunjika wakati wa kukandamiza, mbavu hupona.

*"Ni msichana, siwezi kumfunua."* Aibu hii ina heshima yake, na ina dawa. Akina mama wasimame kuzunguka wakiwa wameshika leso zilizotandazwa, na mwanamke aweke vibandiko ikiwa yupo. Asipokuwepo, aliyepo aviweke. Stara isigeuke kuwa sababu ya kumwacha mtoto wa mtu afe.

*"Mimi si daktari."* Mwaka 2000, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo kutoka kumbi za kamari ambako walinzi wa kawaida walikuwa wamefunzwa kutumia mashine hizi. Miongoni mwa watu walioonwa wakianguka na ambao mioyo yao ilikuwa katika mtetemeko unaoshtulika, waliopata umeme ndani ya dakika 3 walipona asilimia 74. Waliochelewa zaidi ya hapo walipona asilimia 49. Waliofanya kazi hiyo ni walinzi, na tofauti ilikuwa muda.

Mashine iliyofungiwa haiokoi mtu

Tuseme ni Jumamosi, saa tisa alasiri. Shule mbili zinacheza mpira. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 anaanguka. Shule ina mashine, tena mpya, lakini imo ndani ya kabati la ofisi, na ufunguo uko mfukoni mwa mwalimu aliyekwenda Mariakani. Siku hiyo shule haina mashine.

Kwa hiyo, kabla ya kujadili bei, bodi ijibu maswali haya:

*Itakaa wapi?* Mahali ambapo mtu akikimbia kutoka uwanjani na kurudi hazidi dakika 3. Wasiwasi wa wizi ni wa kweli, lakini kasha lenye kengele, lililowekwa karibu na mlinzi, ni afadhali kuliko kufuli.

*Joto je?* Mashine nyingi zimeundwa kukaa katika joto lisilozidi nyuzi 50. Chumba chenye paa la bati na madirisha yaliyofungwa, au ndani ya gari lililoegeshwa juani, si mahali pake. Joto hukausha gundi ya vibandiko na kuila betri. Kivuli na upepo ni sehemu ya matunzo.

*Umeme je?* Shule isiyo na stima yaweza kuwa na mashine. Nyingi hutumia betri maalumu isiyochajiwa, inayokaa miaka kadhaa, mara nyingi 4 au 5. Vibandiko huisha muda mapema zaidi, mara nyingi baada ya miaka 2 hivi. Bajeti isiyohesabu betri na vibandiko ni bajeti ya mashine ya miaka miwili.

*Nani mtunzaji?* Watu wawili watajwe kwa majina. Kila wiki waangalie taa ya kijani. Kila mwezi wasome tarehe za betri na vibandiko na kuandika kwenye daftari. Ndani ya kasha kuwe pia na mkasi, taulo dogo, wembe na glavu.

*Mechi za ugenini je?* Mashine iende na timu, na mwalimu wa michezo aiweke kwenye orodha yake kabla ya jezi.

Kununua au kutonunua

Bei ya mashine moja huzidi shilingi laki moja. Katika eneo ambalo ukame hurudi kila mara, shule inayochagua kati ya tangi la maji na mashine hii haifanyi kosa ikichagua tangi. Lakini kutokuwa na mashine si sababu ya kutokuwa na ujuzi. Kukandamiza kifua hakuhitaji fedha, na bila ujuzi huo mashine yenyewe husaidia kidogo.

Utaratibu wenye busara ni huu. Kwanza, kila shule iwe na watu wazima kadhaa waliofunzwa huduma ya kwanza, wakiwemo mlinzi na mpishi, ambao huwepo hata walimu wasipokuwepo. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hutoa mafunzo hayo. Pili, wanafunzi wafunzwe. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono wito wa kuwafunza watoto saa 2 kwa mwaka kuanzia umri wa miaka 12. Nchini Norway jambo hili lilianza shuleni tangu mwaka 1961. Tatu, mashine ya kwanza iwekwe mahali penye watu wengi zaidi, kama vile shule ya bweni iliyo karibu na soko au uwanja unaotumiwa na shule kadhaa, ili iwahudumie pia wakazi. Uingereza ilichukua njia ya fedha nyingi: kufikia mwaka 2023 serikali ilikuwa imepeleka mashine zaidi ya 20,000 katika shule za umma za England. Kwetu, mashine chache zenye watu waliofunzwa zitaokoa zaidi ya nyingi zilizofungiwa.

Ni vyema pia kujua nani anahusika. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, vituo vya afya vya kaunti, ambulensi, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti, ilhali shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mpango wa Taru hautafaulu bila pande hizo mbili kuketi pamoja na wazazi. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Katika dakika za kwanza, aliye karibu ndiye anayeipa haki hiyo uhai.

Kinga huanzia kooni

Mashine hutibu tukio. Haitibu ugonjwa uliolileta. Mtoto mwenye maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria, asipotibiwa, aweza kupata homa ya baridi yabisi, inayovimbisha viungo na kuharibu vali za moyo. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Koo linalouma pamoja na homa lipelekwe zahanati, na dawa imalizwe. Mwanafunzi anayezirai akikimbia, anayepungukiwa pumzi kuliko wenzake, au aliye na ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, apimwe kabla ya kurudi mchezoni. Asiitwe mvivu.

Maswali ya kujadili

1. Ni dalili gani mbili zinazotosha kuamua kwamba moyo wa mtu umesimama?
2. Kwa nini kutweta au kujitupatupa kunaweza kumpotosha mwokoaji?
3. Mashine ikisema hakuna haja ya kushtua, na mgonjwa hapumui, utafanya nini?
4. Katika shule ya mtoto wako, nani wamefunzwa huduma ya kwanza? Kati yao, nani huwepo Jumamosi?
5. Nambari ya ambulensi ya eneo lako imeandikwa wapi?

Zoezi

Kabla ya mkutano ujao wa wazazi, mwalimu wa michezo amtume mwanafunzi kutoka katikati ya uwanja hadi lilipo sanduku la huduma ya kwanza, alichukue na kurudi mbio. Saa ianze anapotumwa, isimamishwe anaporudi. Matokeo yasomwe mkutanoni. Yakizidi dakika 3, bodi iamue siku hiyo hiyo sanduku lihamie wapi na ufunguo ukae kwa nani. Kazi hiyo haingoji mashine, wala haina gharama.